Mbuzi anaanza na kichwa

Umeme ulikatika kabla ya magharibi, mtaa mzima ukawa kimya isipokuwa jenereta ya mwenye bucha. Tulikuwa barazani, Mbagala, mimi na binti yangu ambaye alikuwa anaelekea kutimiza miaka mitano. Mbuzi wa jirani alikuwa amefungwa kwenye mwembe, akingoja siku yake. Januari ilikuwa imekaribia, binti anakwenda kuanza darasa la awali, na sikutaka aende mtupu. Nikaona nianze papo hapo.

"Haya mama," nikamwambia, "mbuzi anaanza na nini?"

Akamwangalia mbuzi kwa makini, mbele mpaka nyuma.

"Na kichwa."

Nikarudia swali kwa sauti ya juu zaidi, maana wazazi tunaamini swali lisiloeleweka likipigiwa kelele litaeleweka. Akamwangalia tena, akajisahihisha.

"Na pua."

Nilicheka sana, na kesho yake nikamsimulia kila mteja aliyeingia dukani. Ilinichukua siku kadhaa kugundua kwamba aliyekosea ni mimi. Nilisema "anaanza", na anayeanza kwa a- ni mbuzi mwenyewe, mwenye kwato na ndevu. Neno lingekuwa "linaanza". Mtoto alisikia upatanisho wa kisarufi vizuri kuliko mama yake, akajibu alichoulizwa.

Hata ningeuliza "neno mbuzi linaanza na nini", bado ingekuwa kazi. Kwa mtoto wa umri ule neno ni kama karatasi ya pipi: anaimenya, anaitupa, anakula kilichomo. Mimi nilikuwa namwambia aache pipi, ashike karatasi aichunguze.

Kosa la pili nililinunua kwa pesa yangu. Nauza kanga na vitenge Kariakoo, Mtaa wa Kongo, na pale huna haja ya kutoka kutafuta kitu, kitu kinakufuata. Siku hiyo alipita machinga wa chati, zile za karatasi ngumu zenye herufi na picha. Kulikuwa na ya Kiingereza, A ya tufaha jekundu ambalo wao huliita epo, na ya Kiswahili. Nikachukua ya Kiswahili, nikajiona mzalendo, nikaibandika ukutani juu ya kitanda.

Jioni nikaanza kugusa picha moja moja kwa kijiti cha ufagio. A, asali: pale palikuwa na chupa ya rangi ya kahawia. "Mafuta," akasema. P, paka. "Nyau." G, gari. "IST." (Ukikaa Dar utamwelewa, gari dogo lolote kwake ni IST.) Y, yai, ila mchoraji kwa ukarimu wake alichora mayai matatu kwenye kikapu. "Mayai." J, jino, na picha ni mdomo uliokenua. "Meno." V ilikuwa na viatu, na binti akanionyesha kimoja kwa kidole: "Hiki ni kiatu." Mwishoni kulikuwa na Q na X, hazina picha, zimekaa tu kama wageni wasiojulikana wamealikwa na nani.

Nilimkasirikia mtoto, kisha nikaikasirikia chati, kisha nikaanza kufikiri. Neno la Kiswahili hubadilisha kichwa. Kiti, viti. Jicho, macho. Ulimi, ndimi. Uso, nyuso. Mwenzetu wa Kiingereza akiongeza vitu kwa kawaida anagusa mkia wa neno, kichwa kinabaki palepale. Sisi tunakata kichwa na kubandika kingine. Mtoto anayeambiwa "sauti ya kwanza ya neno hili ni y" na mbele yake kuna trei nzima ya mayai, kwake hiyo y haipo mwanzoni. Anayechora chati ya watoto wa Kiswahili inabidi ahesabu vitu kwanza ndipo achore. Yai moja. Embe moja, maana yakiwa mawili yanakuwa maembe na e haiko tena mwanzoni. Na V imshinde tu, kwa sababu v yetu mara nyingi inaishi kwenye wingi: viazi, vitumbua, vijiko.

Nikaibandua chati nikaenda kwa Bi Mwalimu.

Bi Mwalimu anakaa nyumba ya nne kutoka kwetu. Amestaafu, amefundisha darasa la kwanza zaidi ya miaka thelathini, na sasa anauza ubuyu na barafu za maembe dirishani. Mtaani hakuna anayemwita kwa jina lake.

"Shikamoo Bi Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Umefuata ubuyu au umeleta shida?"

"Nimeleta shida."

Nikamweleza. Nilipofika kwenye mbuzi akashika shavu. "Katika maneno yote aliyotujalia Mwenyezi Mungu, wewe ukachagua mbuzi?"

Akamwita binti, akamkalisha kwenye kigoda. Hakumwonyesha herufi yoyote. Alimwambia wapige makofi. "Mama": makofi mawili. "Kariakoo": ka, ri, a, ko, o, matano, binti akacheka kwa sababu yalikuwa mengi. "Mtoto": nikadhani atapiga mawili, akapiga matatu bila kufikiri. M, to, to. Bi Mwalimu akanitazama. "Umeona? Hiyo m amekaa nayo peke yake, hajafundishwa na mtu." Kisha akasema "mbu". Makofi mawili: m, bu. Akasema "mbuzi". Mawili vilevile: mbu, zi.

Hapo ndipo nilipouona mtego wangu. Kwenye mbu, m inasimama yenyewe, hata mkazo wa neno inaubeba. Kwenye mbuzi, m na b zimeshikana kama pacha, zinatoka mdomoni kwa pigo moja. Niliyemuuliza mtoto sauti ya kwanza ya "mbuzi" nilikuwa namtaka atenganishe kitu ambacho sikio lake linakisikia kama kimoja, na mimi mwenyewe nilikuwa najibu kwa macho, kwa sababu nimeshaona neno hilo likiandikwa mara elfu. Bi Mwalimu akaongeza uchokozi: mbuni yule ndege ni makofi mawili, mbuni wa kahawa ni matatu, na kwenye karatasi yanafanana herufi kwa herufi. Alifurahi sana na mfano huo. Nadhani amekuwa akiutumia tangu ujana wake.

Baadaye nilisoma kwamba watafiti wa Marekani, akina Isabelle Liberman, mwaka 1974 walifanya jambo linalofanana na lile la kigodani. Waliwapa watoto kijiti wagonge mezani, kundi moja mara moja kwa kila silabi, kundi lingine mara moja kwa kila sauti. Wa miaka minne, karibu nusu waliweza silabi. Sauti mojamoja hakuna hata mmoja aliyeweza. Wa mwisho wa darasa la kwanza, 70 katika kila 100 waliweza sauti hizo. Maana yake silabi huja yenyewe na sauti husubiri kufundishwa. Na hawa ni watoto wa Kiingereza, ambacho silabi zake zimejaa konsonanti mwanzoni na mwishoni. Sisi silabi zetu ni nyepesi, ba, be, bi, huishia kwenye irabu karibu zote, ndiyo maana watoto wetu hupiga makofi kama waliozaliwa na ngoma.

Watoto wakubwa wa mtaa wetu hucheza kinyume, ule mchezo wa kutoa silabi ya mwisho na kuiweka mbele. Kitabu kinakuwa bukita, kanga inakuwa ngaka. Wanaongea hivyo mbele ya watu wazima wakitaka kusengenya. Nilimuuliza mtoto wa dada yangu, wa darasa la tatu, bingwa wa kinyume, "kanga ukiondoa k inabaki nini?" Akajibu haraka: "Nga." Alikuwa ameondoa ka. Nilipomwambia ni anga akaniangalia kama nimemlaghai. Silabi anazichezea kama gololi, lakini kuivunja silabi moja katikati ni habari nyingine.

Agizo la Bi Mwalimu lilikuwa hili: mwezi mzima bila herufi. Sauti tu. Na nianze na m, kwa sababu m ya Kiswahili inajitegemea, inavutika, na midomo inaonekana ikifunga. Mmmtoto, mmmkate, mmmlango. Baada ya hapo s, ambayo ni nyoka, kisha f, z, l, n, zote unaweza kuzivuta mpaka pumzi iishe. B, p, t, d, k ziwe za mwisho. Hizo hulipuka na kutoweka. Ukitaka kuzivuta, irabu inachungulia na unajikuta unasema be.

"Na hiyo be ndiyo iliyotuharibia watoto," akasema. Sisi wa zamani tulifundishwa majina ya herufi, be, che, de, tukaimba mpaka paa likatikisika. Halafu mtoto anaambiwa asome b na a. Be, a. Bea. Atajuaje kwamba bea ni ba? Waliojua walijua kwa kukariri. Mwaka 2015, mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipoelekezwa kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, walimu walielekezwa kuanza na sauti ya herufi, jina likae pembeni. Bi Mwalimu anasema yeye alikuwa akifanya hivyo siku zote ila alikuwa akijificha mkaguzi anapokuja. Siwezi kuthibitisha, lakini ukimwona utaamini.

Basi nikahamishia shule jikoni. Kila jioni wakati nachambua mchele, binti alikuwa na ungo wake. Namwekea vitu sita, anachambua: vinavyoanza na sss huku, visivyoanza kule. Sahani, sabuni, soksi, na sufuria ndogo. Siku ya kwanza aliweka na kijiko kwenye s kwa sababu "kinakaa na sahani". Pipi bado ilikuwa inaishinda karatasi. Siku ya nne ikawa sawa kabisa, nikajisifu mapema.

Nikaleta k. Kijiko, kikombe, kisu, kiberiti, kitana, kifuniko. Akavipanga vyote bila kosa, nikampa na sahani kumpima. "Ki-sahani," akasema, akaiweka kwenye k. Nilitaka kumkosoa nikashindwa, kwa sababu kisahani ni neno, kipo, ndicho kinachokaa chini ya kikombe. Alikuwa amegundua kwamba ukitaka kitu kiingie kwenye k unakivisha ki- tu. Kisufuria, kisabuni. Angeingiza nyumba nzima. Ikabidi niachane na ki- na kutafuta k nyingine: kanga, karanga, kuku, kofia, kopo. Ka, ki, ko, ku, kichwa kilekile na irabu tofauti. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, alisikia k yenyewe. Nilimwona. Alisema "kuku... kofia... kopo..." akasimama, akakwaruza koo, "k, k, k," kama mtu mwenye mwiba wa samaki.

Kama kuna jambo moja ambalo ningemwomba mzazi mwenzangu alichukue hapa ni hilo: usimpe mtoto konsonanti na irabu moja siku zote. Ukimpa baba, bata, banda, bahari, atakachoshika ni ba. Mpe bata, bibi, boga, bunda, beseni, ndipo b itachomoza.

Sasa nije kwenye midomo yetu, maana huku ndiko nilikoaibika.

Dada anayetusaidia nyumbani husema gali. Gali limepita, kurara, redio inakuwa ledio. Ni dada mwema na mwanangu anampenda, kwa hiyo mwanangu naye akawa anasema ledio inaanza na l. Nilipomweleza Bi Mwalimu nikitegemea anihurumie, akaniuliza: "Na wewe rangi ya dhahabu unaitaje?" Nikasema zahabu. Akacheka. "Haya, mtoto wako akiiandika kwa z utamchapa?" Ni kweli. Dh yangu ni z tangu nizaliwe, na watu wangapi Dar thelathini yao ni selasini. H ndiyo usiseme. Fungua simu usome jumbe za watu wazima, waliosoma: "aya nakuja", "yupo apa", "ajui kitu", na upande wa pili mtu kaandika "hakili". Hawajakosa shule. Wameandika walichosikia mdomoni mwao, jambo lilelile tunalowafundisha watoto wafanye.

Kwa hiyo mtoto anayekosea r na l huenda sikio lake ni zima kabisa. Bi Mwalimu hamwambii mtoto wa namna hiyo "umekosea". Anamwonyesha ulimi: kwa l unagusa na kutulia, kwa r unatetema kama bodaboda inayowashwa. Binti aliwasha bodaboda wiki nzima ndani ya nyumba, na dada akajikuta naye anaiwasha. Bado anasema gali, ila sasa anacheka akisema.

Chuoni, maana jioni anakwenda chuo kwa ustadhi, tayari alikuwa amebeba kitu ambacho sikukithamini. Kule huwa wanaimba: be fataha ba, be kasra bi, be dhuma bu. Mwili wa herufi ni mmoja, alama juu au chini inabadilisha irabu. Hiyo ni k yangu ya jikoni, imefundishwa pwani hii karne nyingi kabla ya chati za machinga. Na neno irabu tunalolitumia shuleni kwa a, e, i, o, u limetoka hukohuko, kwenye zile alama za Kiarabu. Mashaka yake ni kwamba Kiarabu kina tatu na sisi tuna tano, ndiyo maana wazee walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walimwachia msomaji akisie kama ni e au i, o au u. Sikuwahi kuunganisha ustadhi na mwalimu wa awali kichwani mwangu. Binti aliunganisha mwenyewe: "Mama, ba ya chuo na ba ya shule ni moja."

Kuhusu Kiingereza nitasema kidogo, kwa sababu ndani ya familia mjadala huu huisha kwa watu kununiana. Shemeji yangu anasomesha mwanawe shule ya Kiingereza, mtoto wa umri wa binti yangu, anazijua herufi zote 26 kwa kuimba. Siku moja alitaka kutuonyesha kwamba na Kiswahili anaweza, akasoma "embe" akasema "imbi". E kwake ni ii, ndivyo ilivyo jina lake kule. Hana kosa. Kiingereza kina sauti zaidi ya 40 kwa herufi hizo 26, kila herufi ina kazi mbili tatu, na sisi tuna anasa ya lugha ambayo a ni a asubuhi, mchana na usiku. Kumnyima mtoto anasa hiyo kwanza, kisha kumtupa kwenye lugha ambayo herufi hubadilika kama kinyonga, mimi naona ni haraka isiyo na sababu. Shemeji anaona mimi nabana matumizi. Pilau ya Idi tulikula kimya.

Bibi yangu ndiye aliyenifanya niache kumcheka mtoto. Bibi alijua kusoma akiwa mtu mzima mwenye watoto watano. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na katika miaka iliyofuata kijijini kwao kukawa na kisomo: taa ya chemli, ubao uliowekwa kwenye shina la mwarobaini, akina mama na kanga zao. Takwimu rasmi zilisema kufikia mwaka 1986 watu wazima wasiojua kusoma walibaki karibu 10 katika kila 100. Bibi alikuwa mmoja wa waliohesabiwa upande mwingine na alijivunia hilo mpaka anakufa.

Alikuwa akisimulia usiku wake wa kwanza. Mwalimu, kijana mdogo, aliwauliza: "Maji yanaanza na nini?" Bibi akanyoosha mkono, akasimama kwa adabu, akasema: "Na mvua."

Darasa zima lilikubaliana naye. Kijana akabaki ameduwaa na chaki.

Nimeisikia hadithi hiyo utotoni mara nyingi, na sikuwahi kuihusisha na kitu chochote hadi mbuzi alipoanza na kichwa. Mwanamke mwenye akili ya kuendesha nyumba na shamba, anayetega vitendawili mpaka usiku wa manane, na mtoto wa miaka minne na kitu, wote jibu moja. Mwaka 1979 José Morais na wenzake walichapisha utafiti wao wa Ureno kuhusu watu wazima ambao hawakusoma kabisa na wengine wa hali ileile waliojifunza ukubwani. Waliwaambia waongeze au waondoe sauti moja mwanzoni mwa neno. Wasiosoma wengi walishindwa. Waliosoma ukubwani wengi waliweza. Umri haukuwaletea uwezo huo. Waliupata walipojifunza kusoma. Kwa hiyo sikio peke yake halimalizi safari, na ule mwezi wa Bi Mwalimu bila herufi ulikuwa na mwisho wake: mlango ukishafunguka kidogo, herufi lazima iingie ili iusukume mpaka mwisho.

Nilipomuuliza kama herufi sasa ruksa, akasema anza na jina lake. Binti yangu jina lake linaanza na Z, na Z ikawa yake, mali yake binafsi. Aliiona kwenye kila kibao, kila turubai. Tukipanda daladala anapiga kelele "herufi yangu!" abiria wanageuka. Baada ya Z ikaja kazi yangu kumsaidia, kwa sababu siku za Jumamosi namchukua dukani, na duka la kanga ni darasa ambalo mtu amesahau kuliandikisha. Kila kanga ina jina lake karibu na pindo, kwa herufi kubwa, zinasomeka hata ukiwa mbali. Nilimtandikia moja kwenye robota: NANI KAMA MAMA. Maneno matatu, sauti tatu za kwanza, na zote anazo mdomoni. Nnn. K, k, mwiba wa samaki. Mmm. Alikaa na kanga ile asubuhi nzima. Ikauzwa saa saba, akalia.

Darasani mambo si kama dukani. Januari alipoanza, mwalimu wake ana watoto wengi kuliko madawati, na njia anayoweza kuitumia kuwashika wote ni kuimba: ba, be, bi, bo, bu. Ukimwonyesha mtoto "bo" peke yake, anaanzia ba, anapanda ngazi mpaka aifikie. Simlaumu mwalimu. Mimi mmoja na ungo wangu nilishindwa na kisahani.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nafunga hesabu. Kwenye daftari la mauzo, chini ya mwandiko wangu, kulikuwa na mstari wa penseli, herufi kubwa zilizolala kidogo:

KG 3

Nikakaa nikihesabu upya. Sisi hatuuzi kitu kwa kilo. Nikadhani kijana wa dukani amepokea mzigo wa mtu bila kuniambia, nikamwita, akaapa hajui. Binti alikuwa juu ya robota anakula karanga.

"Mama, mimi ndiye nimeandika. Yule mama amechukua kanga tatu, wewe ulikuwa unaongea na simu."

"Kanga iko wapi hapa?"

Akashuka, akaja, akaweka kidole chenye chumvi ya karanga juu ya K. "Ka." Akakisogeza kwenye G. "Nga."

Nikatazama kwenye droo. Pesa ya doti tatu ilikuwepo.